Nyembe za kaboni na nyembe za stenlesi: tofauti iko wapi hasa?

#1 FundiNoleo

Wakuu, kila mada ya kunyoa kwa wembe wa makali mawili humu inaishia kwenye ubishi uleule: mmoja anasema kaboni ndiyo kali, mwingine anasema stenlesi. Ubishi huo unapiga pembeni. Wembe mpya wa aina yoyote kati ya hizo mbili, ukiwa umetengenezwa vizuri, unapita kwenye ndevu zilizolowa bila kuvuta. Kinachozitenganisha ni yale yanayoipata ncha kuanzia pale unapomaliza kunyoa mara ya kwanza hadi pale utakaposhika mashine tena.

Majina kwanza. Siku hizi wengi wanasema "chuma cha pua" wakimaanisha kile kisichoshika kutu. Lakini pua ni chuma chochote kilichotiwa kaboni kikawa kigumu. Wembe wa kaboni ni pua, na wa stenlesi ni pua vilevile. Kwa hiyo nitasema kaboni na stenlesi tu, tusichanganyane.

Wembe wa kaboni ni chuma chenye kaboni kiasi cha asilimia 1 hadi 1.25, na kromi kidogo sana au hakuna kabisa. Wembe wa stenlesi una kaboni kama asilimia 0.6 hadi 0.7, na kromi karibu asilimia 13. Kromi hiyo ndiyo habari yote. Ikikutana na hewa inajitandia ngozi nyembamba ya oksidi inayoshikamana na chuma, na ukiikwaruza inajifunga upya yenyewe. Kaboni haina ngozi hiyo. Kutu yake ina vinyweleo, inameguka, na kila inapomeguka inaacha chuma kipya wazi kiliwe tena.

Sasa angalia vipimo. Unene wa wembe wa makali mawili ni milimita 0.1 hivi. Unywele mmoja wa ndevu ni mikroni 100 na ushei (mikroni 1,000 ni milimita moja). Ncha ya wembe yenyewe haifiki hata mikroni moja, ni sehemu ndogo tu ya hiyo mikroni. Kutu ya kuweza kuiona kwa macho ni nene kuliko ncha nzima, kwa hiyo ukiiona, ncha ilishakwenda zamani. Ndiyo maana mtu ananyoa vizuri siku ya kwanza, siku ya pili wembe unavuta, naye akiutazama anauona unang'aa kama mpya.

#2 PovuZito

Mkuu, asante kwa kufungua uzi. Maswali mawili. Nitajuaje wembe nilio nao ni wa aina gani kama karatasi yake haisemi? Nimesoma mahali kwamba sumaku inashika kaboni na haishiki stenlesi. Na pili, kama kaboni inakufa haraka hivyo, kwa nini bado inatengenezwa?

#3 Kipimapembe

Hiyo ya sumaku achana nayo, PovuZito. Inafanya kazi kwa vijiko na sufuria nyingi kwa sababu stenlesi ile ina nikeli, na nikeli inabadilisha mpangilio wa ndani wa chuma hadi sumaku isikishike. Stenlesi ya nyembe haitiwi nikeli, maana inatakiwa iweze kugeuzwa ngumu kwa moto. Sumaku itashika nyembe zote mbili sawasawa.

Rangi nayo inadanganya. Nyembe za buluu au nyeusi mara nyingi ni za kaboni zilizopakwa rangi au kuchomwa ili zisishike kutu mapema, ila rangi peke yake si ushahidi. Karatasi yenye nta au mafuta mengi inaelekeza kwenye kaboni, nayo pia si ushahidi.

Kipimo cha uhakika kinakugharimu wembe mmoja. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji. Futa uso wa wembe kwa spiriti ili kuondoa mafuta na vidoti vya nta, kisha ukwaruze kidogo katikati, karibu na tundu, kwa msasa laini. Hapo unatoa rangi au utando wowote uliopakwa. Weka tone moja la maji ya chumvi juu ya mkwaruzo, uache hadi kesho yake asubuhi. Kaboni itakuwa na doa la kahawia au rangi ya chungwa. Stenlesi itabaki na alama nyeupe ya chumvi tu. Wembe huo usinyolee tena, utupe kwa utaratibu.

#4 FundiNoleo

Nakazia alichosema Kipimapembe, kisha nijibu swali la pili, kwa sababu jibu lake liko kwenye moto.

Wembe wa kaboni unapashwa hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi, unapozwa ghafla, halafu unapashwa tena kwa moto mdogo ili usiwe mwepesi kuvunjika kama kioo. Ni kazi rahisi kiasi. Stenlesi ni kaidi zaidi: kabaidi za kromi, yaani chembe ngumu za kromi na kaboni, haziyeyuki ndani ya chuma mpaka ufike nyuzi 1050 hadi 1100 hivi, na hata baada ya kupozwa inabaki sehemu ya chuma ambayo haijageuka kuwa ngumu. Kwa hiyo utepe wa chuma wa kutengenezea nyembe unapitishwa kwenye baridi kali, nyuzi 70 au zaidi chini ya sifuri, ndipo sehemu kubwa ya masalia hayo inageuka. Kaboni inanoleka kirahisi, ina chembe ndogo za kabaidi, na haidai tanuru la joto kubwa wala baridi ya namna hiyo. Ndiyo sababu bado ipo. Treet ya Pakistan, kwa mfano, imeendelea kuzitengeneza.

Kwa miongo mingi zilikuwa ndizo nyembe zenyewe. Mmarekani Gillette alianza kuuza nyembe zake mwaka 1903, baada ya mhandisi wake William Nickerson kupata namna ya kugeuza utepe mwembamba wa chuma kuwa mgumu bila kupinda, na zilikuwa za kaboni. Mabadiliko makubwa yalikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wilkinson Sword ya Uingereza ilipotoa wembe wa stenlesi uliopakwa tefloni (plastiki telezi), na washindani wakalazimika kufuata.

Hiyo tefloni ndiyo watu wanaisahau kwenye ubishi huu. Inayeyuka kwenye nyuzi 327, na ili ishike kwenye ncha lazima wembe upashwe kufikia joto la kiasi hicho. Kaboni ikipashwa hivyo baada ya kugeuzwa ngumu inapoteza ugumu mwingi. Stenlesi inastahimili zaidi. Kwa hiyo wembe wa kawaida wa stenlesi sokoni unaongozana na vitu vitatu: chuma kisichoshika kutu kirahisi, utando mgumu wa kromi au platini kwenye ncha, na tefloni juu yake ya kupunguza msuguano. Unapolinganisha "kaboni na stenlesi" usoni, mara nyingi unalinganisha wembe mtupu na wembe uliovaa nguo mbili.

#5 MkonoMwepesi

Kuna jambo moja sikubaliani na wengi humu. Inasemwa kaboni ni "ngumu kupinda" kwa hiyo haichezi ndani ya mashine na inakata kwa utulivu zaidi. Ukweli wake ni upi?

#6 Kipimapembe

Swali zuri, MkonoMwepesi, na tutenganishe vitu viwili. Kuna ugumu wa chuma, yaani uwezo wa ncha kutobonyea, na kuna ukakamavu, yaani uwezo wa bamba kutopinda. Ukakamavu wa asili wa kaboni na wa stenlesi ni karibu sawa, gigapaskali 200 hadi 210 hivi kwa zote mbili. Tofauti hiyo huwezi kuisikia shavuni.

Kinachobadilisha ukakamavu ni unene, tena kwa nguvu ya tatu: wembe ulionenepa kwa asilimia 10 tu unakuwa mkakamavu kwa karibu theluthi zaidi. Nyembe za makali mawili karibu zote zina unene uleule wa milimita 0.1, kwa hiyo mchezo ukiusikia, tafuta kwenye mashine. Je, kifuniko na bamba la chini vinaubana wembe karibu na ncha, au vinaubana katikati tu na kuacha ncha inaning'inia? Je, mpini umekazwa hadi mwisho? Je, kuna mabaki ya sabuni chini ya wembe yanayouinua upande mmoja? Kiangalie kichwa kwa mbele, usawa wa macho: wembe utokeze kiasi kilekile pande zote mbili. Ukitokeza zaidi upande mmoja, legeza, usukume wembe kwa kushika kwenye zile ncha fupi zisizo na makali, kaza tena. Hapo ndipo watu wengi wanapata majeraha na kuulaumu wembe.

Wanachokiita utulivu wa kaboni kina maelezo mengine. Wembe usio na tefloni unakupa mrejesho zaidi, unausikia unapokata, na mkono unajirekebisha wenyewe. Wengine wanapenda hivyo. Mwenye ngozi inayowaka kwa urahisi kwa kawaida atafurahia tefloni zaidi.

#7 PovuZito

Kumbe. Sasa kama stenlesi haishiki kutu na imevaa nguo mbili, inaisha kwa sababu gani? Nywele ni laini kuliko chuma.

#8 FundiNoleo

Hilo lilifanyiwa uchunguzi MIT, chuo kikuu cha Marekani, matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2020. Chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele kwa kiasi cha mara 50, na bado ncha inaharibika. Walichokiona chini ya hadubini ni kwamba ncha haichakai taratibu kama kisu kwenye ubao. Inameguka vipande vidogo.

Inahitaji mambo yakutane. Unywele upinde na kuigonga ncha kwa mshazari badala ya kusimama wima. Chuma kiwe na sehemu zisizolingana, ngumu kiasi hapa na laini kidogo pale, kwenye vipimo vidogo mno. Na unywele ugonge pale kwenye mpaka. Yote yakitokea pamoja, ukingo unameguka, na palipomeguka panakuwa mahali pa kumegukia tena.

Hapo unapata mafunzo mawili ya vitendo. Unywele uliolowa vizuri unakatika kwa nguvu ndogo kuliko mkavu, kwa hiyo dakika 2 hadi 3 za maji ya uvuguvugu kabla ya povu zinaokoa ngozi na ncha pia. Povu likikauka usoni, weka jingine, usiendelee juu ya ngozi kavu. Na ukiwa na ndevu ndefu za siku nyingi, zipunguze kwa mkasi au mashine ya umeme kwanza. Unywele mrefu unapinda mbele ya wembe kabla haujakatika, na kupinda huko ndiko kunakoimega ncha.

Kwa ufupi wa swali lako: kaboni kwa kawaida inauawa na maji wakati hujaishika, stenlesi inauawa na nywele wakati umeishika. Namna ya kuzitunza inatofautiana kwa sababu hiyo.

#9 Nta_na_Spiriti

Naongeza upande wa utunzaji wa kaboni, maana wengi wanaukosea na kuishia kusema "wembe mbaya".

Kosa la kwanza ni kuacha wembe ndani ya mashine iliyofungwa. Kati ya wembe na bamba la chini maji yanabaki kwa masaa, hewa haipiti, na sabuni inayashikilia. Juu ya hapo, mashine nyingi ni za shaba iliyopakwa kromi au za stenlesi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, ile dhaifu inaliwa haraka zaidi. Kaboni ndiyo dhaifu hapo. Umeijengea betri ndogo na inalipa yenyewe.

Kosa la pili ni kufuta makali kwa taulo. Nyuzi za taulo zinaigonga ncha kwa mshazari, na tefloni kama ipo inachunika. Tena unaweza kujikata kidole.

Utaratibu unaofaa: ukimaliza kunyoa, legeza mpini nusu mzunguko na upitishe maji kwa pembeni hadi povu litoke lote. Maliza kwa maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, kwa sababu chuma chenye joto kinajikausha. Fungua mashine yote. Chukua wembe kwa ncha fupi, uchovye kwenye spiriti sekunde 10, uuweke bapa juu ya karatasi laini kavu, ukunje karatasi juu yake na ubonyeze katikati bila kuburuta. Kausha pia kifuniko na bamba. Usivifunge tena mpaka vyote vikauke. Ukitegemea kunyoa tena baada ya siku mbili au zaidi, pitisha mafuta mepesi ya madini kwenye makali yote mawili, yale ya watoto yanatosha, tone moja kwa pande zote. Siku ya kunyoa uoshe kwa sabuni kwanza, kwa sababu mafuta yanaliua povu. Na usihifadhi chochote bafuni, mvuke wake peke yake unatosha kuanzisha kutu.

Ukiona hayo yote ni kazi kubwa, basi tumia wembe wa kaboni mara moja, utupe. Ni matumizi halali kabisa.

#10 Kipimapembe

Sahihisho dogo kwenye spiriti. Ile ya asilimia 70 inayouzwa kwa kusafishia vidonda ina maji asilimia 30. Ni nzuri kwa kuua vijidudu, lakini kwa kukausha kaboni tafuta ya asilimia 90 kwenda juu, isiyotiwa rangi wala mafuta ya kulainisha mikono. Ile ya jeli isiguse wembe kabisa. Chupa iwe na mfuniko, isiwe karibu na moto. Na ibadilishe: kila wembe unaingia na matone ya maji, baada ya wiki kadhaa spiriti yako imeshakuwa maji nusu.

#11 PovuZito

Na stenlesi je, naweza kuiacha tu ndani ya mashine?

#12 Nta_na_Spiriti

Unaweza. Suuza, kung'uta, legeza mpini kidogo ili hewa ipite, weka mahali pakavu. Kuikausha kwa spiriti si lazima.

Ila jina lake lisikufanye ujisahau. Asilimia 13 ya kromi ni karibu na kiwango cha chini cha kuitwa stenlesi, na sehemu ya kromi hiyo imefungwa ndani ya kabaidi, haisaidii kuzuia kutu. Maadui wake ni chumvi na klorini. Ukiiloweka kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe ili "kuiua vijidudu", utaona vidoti vya kahawia, mara nyingi kuzunguka matundu na kwenye kingo zilizokatwa. Hivyo ni vishimo, vinachimba kwenda chini na havisuguliki. Magadi na siki pia havina kazi hapo.

Utando wa kijivu au mweupe kwenye wembe wa stenlesi ni kitu kingine. Hayo ni mabaki ya sabuni na chokaa ya maji magumu. Si kutu, maji ya moto na sabuni kidogo yanaupunguza. Vile vidoti vyeupe au vya manjano unavyovikuta kwenye wembe mpya ni nta au gundi ya kuushikilia kwenye karatasi, havina madhara vikiwa mbali na ncha.

#13 MkonoMwepesi

Idadi ya kunyoa? Na dada zangu wanaonyoa miguu na kwapa, hesabu ni ileile?

#14 FundiNoleo

Kaboni mara 1 hadi 3. Stenlesi mara 3 hadi 7. Ndevu nzito zinakuvuta kwenye namba ya chini, na anayenyoa kichwa chote na uso pamoja ahesabu kama mara mbili. Nywele za miguu kwa kawaida ni nyembamba kuliko za ndevu, ila eneo ni kubwa mno, kwa hiyo faida inaliwa hapo. Kwapa ni eneo dogo, lakini nywele zinaota kila upande, mkono uwe mwepesi.

Lakini msihesabu tu, sikilizeni wembe. Ukipita mara ya kwanza kufuata uelekeo wa nywele ukasikia unavuta kidevuni au juu ya mdomo, umekwisha, utupe hapo hapo. Ukijikuta unakandamiza ili ukate, umekwisha. Wembe hautakiwi kukandamizwa, uzito wa mashine unatosha, kwa pembe ya nyuzi 30 hivi na ngozi. Na wenye nywele za kujikunja wanaopata vipele vya nywele kuota ndani, msiache wembe uliochoka uendelee. Unakata kwa kuvuta, unywele unakatika ukiwa umevutwa, kisha unarudi chini ya ngozi. Kwenu nyinyi pita moja ya kufuata uelekeo kwa wembe mpya ina thamani kuliko pita tatu kwa wembe unaotumika mara ya nne.

Kuinoa upya kwenye glasi au kiganjani: kwa kaboni tupu inasaidia kidogo, inanyoosha ncha iliyolala. Kwa stenlesi iliyopakwa unachuna tefloni na platini, unapata wembe mbaya zaidi. Na kipande kilichomeguka hakirudi kwa kunyooshwa.

#15 Kipimapembe

Tahadhari moja kabla uzi haujaenda mbali. Zipo nyembe nene za ncha moja, za kaboni, milimita 0.23 hivi, zenye uti wa chuma mgongoni. Zinauzwa kwa ajili ya kukwangua rangi na gundi kwenye vioo. Zinaingia kabisa kwenye mashine za kunyolea za ncha moja, na ni rahisi kuzidhania ni zilezile. Si za usoni. Ncha yake haikunolewa kwa ngozi wala haina utando, zitakuchuna. Soma karatasi iseme ni za kunyolea.

#16 PovuZito

Mawili ya mwisho wakuu. Wembe wenye kutu unaleta pepopunda? Na mwenye mzio wa nikeli achague upi?

#17 Nta_na_Spiriti

Pepopunda inaletwa na bakteria aitwaye Clostridium tetani, anayeishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Kutu yenyewe haimzai. Hata hivyo wembe wenye kutu una ncha yenye meno, unachana ngozi badala ya kukata, na mchubuko unafungua njia kwa vijidudu vya kila aina. Utupe. Chanjo ya pepopunda iwe hai bila kujali wembe. Na wembe wa aina yoyote usishirikiane na mtu, hata ukichovywa kwenye spiriti: homa ya ini B na C na VVU vinapita kwenye damu, na tone usiloliona linatosha.

Nikeli: kama Kipimapembe alivyosema huko juu, nyembe zote mbili hazitiwi nikeli. Ukiwashwa, itazame mashine, hasa iliyopakwa nikeli na rangi yake imeanza kuchunika. Ibadilishe kwa ya aluminiamu, wembe ubaki uleule.

#18 FundiNoleo

Na za kutupwa zisitupwe wazi kwenye pipa, anayezoa taka ana mikono. Chukua kopo la bati lenye mfuniko uliofungwa, toboa mwanya wa milimita 2 kwa upana na urefu wa milimita 25 hivi, wembe uingie kwa upande wake mfupi usirudi. Likijaa, ponda mwanya kwa nyundo na ufunike kwa gundi ya utepe. Kaboni na stenlesi ziingie pamoja, humo ndani kutu haina madhara.